Mguu wa Fundi Asumani Juu ya Wimbi la Papa Sadrack

Fundi Asumani wa mtaa wa Mangobo ana mashine moja ya kushona, pasi moja ya makaa, na gogo moja la mviringo lililolala katikati ya kibanda. Juu ya gogo kuna ubao. Mteja akija kuulizia suruali yake, mara nyingi jibu hutoka juu ya ubao huo, kwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu aliyetanua mikono kama kuku anayetaka kuruka ukuta.

"Tonton, suruali yangu?"

"Usinisemeshe. Niko mu masomo."

Masomo yenyewe ni ya kuteleza juu ya mawimbi. Mwalimu wake anaitwa Coumba, anakaa Dakar kando ya bahari, na hawajawahi kuonana ila kwenye simu. Kila wiki Safiya, mke wa Asumani, humpiga mumewe video akiwa mtoni, video inatumwa, na Coumba anajibu kwa Kifaransa kwa ujumbe wa sauti. Simu ya Asumani haikubali tena kupunguzwa sauti, kwa hiyo mtaa mzima unafuata masomo. Muuza mkaa wa jirani anajua vizuri namna ya kukunja magoti.

Mwanzoni mwalimu na mwanafunzi hawakuelewana. Coumba alimwambia awe na subira, aache mawimbi mabaya yapite, achague moja zuri. Asumani akajibu kwamba wimbi ni moja tu na halipiti. Linasimama palepale chini ya maporomoko ya Wagenia, maji yanapoanguka kutoka kwenye mwamba, tangu mto unapojaa hadi unapopungua. Watoto wa wavuvi hulitelezea kwa tumbo juu ya vipande vya mitumbwi. Yeye alitaka kulisimamia kwa miguu. Coumba alitazama video, akacheka muda mrefu, kisha akasema, "Monsieur Asumani, huku kwetu wimbi linakupeleka mchangani. Lako linakuacha pale lilipokukuta. Basi tutajifunza sote wawili."

Asumani alijifunza kuruka kutoka tumboni hadi miguuni. Alijifunza kutotazama vidole vyake. Jambo moja tu lilimshinda, nalo lilikuwa mguu wa kulia, ambao aliuweka mbele. Akishasimama tu, mguu ule ulianza kubonyeza: chini, juu, chini, juu. Kila ulipobonyeza, pua ya ubao ilikunywa maji, na mwenye ubao akaifuata.

"Mguu huu unacheza muziki gani?" aliuliza Coumba.

Safiya alimjibu kabla ya mumewe. "Madame, hauchezi. Iko nashona."

Ilikuwa kweli. Mashine ya Asumani ni ya kukanyaga, na tangu ujana wake, akili yake ikikazana na jambo lolote, mguu wa kulia huanza kukanyaga. Hukanyaga akisubiri chai. Hukanyaga usingizini, na Safiya ana alama kwenye miundi ya kuthibitisha.

Wakiwa bado wanahangaika na mguu, likatokea jambo zito zaidi. Pale Wagenia kila familia inajua sehemu yake ya maporomoko: mwamba wake, miti yake iliyosimikwa majini, mitego yake mirefu iliyofungwa kwenye miti hiyo. Hakuna anayeweka mtego kwa mwenzake. Wimbi la Asumani lilikuwa katika sehemu ya mvuvi aliyeitwa Papa Sadrack. Asumani hakuweka mtego, ila alijiweka mwenyewe, na watu waliokuja kumcheka walisimama juu ya kamba za mitego. Papa Sadrack akamwita.

"Fundi, mimi nikileta mashine yangu mbele ya mulango yako, nishone pale, utasema nini?"

"Nitasema karibu, Papa. Lakini wateja iko wangu."

"Bon. Hapa wateja ni samaki."

Dada yake Papa Sadrack, Mama Émilie, anayeuza samaki na kwanga, mikate ya muhogo iliyofungwa majani, pale juu ya ukingo, alikuwa ameketi karibu. Tangu siku ya kwanza alikuwa akiutazama ule ubao, urefu wake, upana wake, unene wake. Wateja wake hula wamesimama.

"Kaka, usimufukuze bule," alisema kwa upole ambao ulimtisha Asumani. "Tumupime. Dimanche, siku ya misa, asimame juu ya maji mpaka mimi nimalize kwanga moja. Akisimama, wimbi iko yake, siku zote zenye hatutoe mitego. Akianguka mbele ya mimi kumaliza, asirudi tena. Na ubao ibakie kwangu, nitengeneze banc ya wateja kukalia."

Papa Sadrack alikubali. Asumani naye, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, akakubali. Aliuliza tu kama kwanga itakuwa kubwa au ndogo.

"Kwanga ni kwanga," alisema Mama Émilie, na wote wanaomjua wakageuka kutazama mto, wasionekane wanacheka. Mama Émilie hutafuna kwanga kama mtu anayetafuta mfupa ndani yake.

Asumani alirudi nyumbani amenyong'onyea. Wimbi lile lilikuwa moja tu. Akilikosa, masomo yote yangebaki juu ya gogo. Safiya ndiye aliyemweleza Coumba habari yote, na jibu likasikika mtaani kote siku ya Jumamosi: "Tusipigane na mguu tena. Uweke nyuma. Huko nyuma ushone unavyotaka."

Asumani hakuwahi hata siku moja kusimama na mguu wa kushoto mbele. Jumamosi ile hakuna suruali iliyotoka Mangobo. Wateja waliokuja kudai nguo walijikuta wamemshika fundi kiuno, huku na huku, asianguke kwenye pasi.

Jumapili ukingo ulijaa. Mama Émilie alikuja na kwanga yenye ukubwa wa mtoto mchanga. Alifungua kamba, akafunua majani polepole, akaivuta kidogo upande mmoja kama anayeitafutia mto wa kulalia.

"Tunaanza kuhesabu wakati gani?" aliuliza Safiya, simu mkononi.

"Ikiingia mu kinywa."

Asumani alijitupa majini kutoka kwenye mwamba akiwa amelalia ubao, akateremka hadi kwenye wimbi, akaruka. Mguu wa kushoto ukatua mbele. Aliyumba, watu wakapiga kelele, kisha akasimama. Mama Émilie akamega kipande ambacho panya angekionea haya. Akatafuna. Akatazama anga. Akaomba maji ya kunywa. Akamsalimu mtu ambaye hakumsalimu, akamuuliza habari za wakwe wa Yanonge.

"Mama, meza!" alipiga kelele Asumani kutoka majini.

"Kula mbio inaletaka tumbo," alijibu, na akatafuna tena.

Ndipo mguu wa kulia ulipoanza. Chini, juu, chini, juu. Safiya alifumba macho. Alipoyafumbua, pua ya ubao ilikuwa juu na mumewe alikuwa bado amesimama, mguu wa nyuma ukishona maji kwa raha zake. Asumani mwenyewe alistaajabu, na mtu akistaajabu hupata ujeuri. Alimtazama Mama Émilie, ambaye yeye fundi humshonea libaya, blauzi ya kitenge, kila mwaka mpya. Akatoa hewani utepe wa kupimia usiokuwepo. Akampima mama mabega kwa mbali, akatikisa kichwa. Akashuka kiunoni, akatanua mikono. Akaitanua zaidi. Mikono ilipofika mwisho na kipimo bado, akageuka kushoto na kulia akitafuta mtu wa kumshikia upande wa pili.

Watu walianguka kwa kicheko. Papa Sadrack alifunika uso kwa kofia. Mama Émilie alijizuia, mashavu yamevimba, kisha akapasuka: kipande kikatoka kinywani, kikohozi kikafuata, na kwanga yote ikabiringika kutoka mapajani, ikagonga mwamba na kutumbukia. Ilipita kando ya ubao wa Asumani, ikafuata mto kuelekea Kinshasa.

"Sikumaliza!" alilia Mama Émilie akifuta machozi. "Sikumaliza, Kaka! Tuanze tena!"

"Émilie. Kwanga iko mu mukono yako?"

"Hapana, lakini..."

"Mu kinywa?"

"Iko mu mayi! Umeona wewe mwenyewe!"

"Alors imeisha," alisema Papa Sadrack. "Fundi atakuja siku hatutoe mitego. Na watu yake wasikanyage kamba."

Safiya alianza kumpungia mumewe mkono ashuke. Mama Émilie aliketi juu ya jiwe, akatoa kwanga ya pili kwenye beseni, akaipasua majani kwa meno. Hii aliila kwa njaa yake mwenyewe, na ilikuwa imeisha kabla Asumani hajafika ukingoni.