Taa Niliyoifunga Juu ya Matumbawe

Ipo siku moja ninayoikumbuka kwa aibu, mwanangu: siku niliyosimama sebuleni kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi hapa Mwanza, nikamsingizia mama wa watu. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, maduka ya Mabatini yamefurika taa za kila namna, nami nilikuwa fundi umeme kijana, mwenye kujiona.

Mzee yule aliletewa matumbawe hai kutoka pwani, akayaweka katika tangi la kioo lenye maji ya chumvi. Aliniagiza taa ifaayo, akanipa na karatasi ya maelezo. Sikuisoma. Sisi wa ziwani tumezoea kuona karabai zikivuta dagaa. Nikaamini kuwa mwanga mkali ndio uhai wa kila kiumbe cha majini. Nikafunga taa ya kumulika uani, shibiri moja tu juu ya maji.

Siku ya tatu Mama Kabula, mtumishi wa nyumba ile, aliniambia, "Mwanangu, tangu uwashe hiyo taa, hawa wamejikunja."

"Mama, haya ni mawe! Jiwe linajikunja? Basi Mwanza nzima na miamba yake ingejikunja!"

Nilicheka peke yangu. Baada ya wiki matumbawe yalikuwa meupe kama mifupa. Mzee alipouliza, nilisema Mama Kabula aliongeza maji ya bomba. Akafukuzwa siku hiyo hiyo. Nilimwona akifunga mzigo wake, nikajifanya nakaza skrubu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yaliletwa matumbawe mengine, nayo yakafa chini ya taa ile ile, na Mama Kabula hayupo wa kulaumiwa. Nikakiri. Mzee alisema tu, "Nenda ukamwambie yeye."

Nilivuka kwa kivuko cha Busisi hadi kwao Sengerema, nikamkuta akipalilia pamba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Alinisikiliza hadi mwisho. "Kutojua si dhambi, mwanangu. Lakini ulinitazama nikifunga mzigo, ukanyamaza."

Akaendelea kupalilia. Mwanza hakurudi tena.

Basi, mwanangu, ukiitwa kuchagua taa ya matumbawe, uliza kwanza yametoka kina gani. Yaliyozoea kina kirefu hayataki mwanga mkali. Anza kwa saa chache, ongeza kidogo kidogo, yaepushe na joto, na msikilize anayeyatazama kila siku, hata akiwa ameshika fagio. Ukikosea, sema upesi, kabla mwingine hajaadhibiwa kwa ajili yako. Mola akujalie ulimi usioiogopa kweli, na uzee usio na jina la mtu unaloshindwa kulitamka bila kuinamisha uso.