Siku Faili la Damu Lilipopotea

Umeme ulikatika nikiwa karibu namaliza. Wiki nzima nilikuwa nawasaka wachangiaji damu wa kikundi chetu cha mtaa wa Somanda, maana nusu yao walishabadilisha namba za simu, na kila namba mpya naiingiza kwenye kompyuta ya mezani ya ofisi. Faili jipya kabisa. Ndiyo, sikuwa nimelisevu, msinitazame hivyo.

Nikasonya. Sijamaliza hata kusonya, simu ikalia. Nesi wa wodi ya wazazi.

"Dada, nina mama hapa kajifungua, damu haikati. Ni O hasi, na hatuna hata chupa moja. Kwenye kikundi chenu yupo mtu?"

"Yupo. Subiri nikutafutie."

Alikuwepo mmoja tu, mkulima wa kijiji cha Mwamapalala. Namba yake ya zamani ilishakufa. Mpya nilitajiwa na jirani yake aliyepita ofisini akienda mnadani, nami nikaiandika humo humo kwenye faili, si pengine popote.

Nilikaa mbele ya kioo cheusi. Niliogopa, nasema kweli. Yule mama simjui, lakini nilimwogopea utadhani ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Umeme ukarudi. Kompyuta ikaanza kuwaka kwa mbwembwe zake, kiduara kinazunguka, kinazunguka. "Waka basi, we shetani!" Ukakatika tena. Jamani, nililia. Nesi akapiga, sikupokea. Ningemwambia nini?

Uliporudi mara ya pili nikafungua programu huku nimebana pumzi. Upande wa kushoto pakatokea kisanduku: faili lisilo na jina, limeokolewa. Nikabonyeza. Majina yakashuka. Ya mwisho mwisho hayakuwemo, yalikwenda na umeme. Nikateremka nalo mpaka kwenye jina la yule mkulima. Namba ilikuwepo! Niliiandika kwanza kiganjani kwa peni, ndipo nikasevu, nikampigia na kujitaja.

"Mwadila, mayu," akanisalimia taratibu kwa Kisukuma, akiniita mama. "Za hapo nyumbani? Watoto hawajambo? Na ng'ombe..."

Kwetu Usukumani salamu ya mtu mzima haikatwi. Mimi nikaikata. "Baba, kuna mama anakufa hospitali hapa Bariadi. Damu yako tu ndiyo itamfaa."

Nikajua nimemuudhi. Kisha nikamsikia anaita mtu wa pikipiki.

Nilimpokea kwenye geti la hospitali, ana vumbi mpaka kwenye kope. Walipomaliza kumtoa damu tukakaa kwenye benchi nje ya wodi. Jua lilishaanza kuzama nesi alipochungulia mlangoni, kachoka hoi.

"Damu imekata. Kafungua macho, anamuulizia mtoto."

Yule baba akashusha pumzi, akanigeukia. "Haya, mayu. Salamu yangu uliikatia wapi?"

"Kwenye ng'ombe, baba."

Nikapiga magoti palepale sakafuni, mbele za watu, nikamsalimia mpaka mwisho.