Kipande cha kijani

Leo nimeicheka kazi ya mikono yangu mwenyewe.

Wengi wenu hamjui kwamba kila Jumamosi huwa ninakaa na akina mama wa mtaani kwetu Ukunda, tukifuma vipande vya mraba kwa uzi wa sufu. Vikishonwa pamoja vinakuwa blanketi za watoto waliolazwa hospitalini.

Ndiyo, mimi mwanamume. Ninafuma.

Ofisini sijamwambia mtu. Mimi ni karani mgeni, bado niko kwenye majaribio, na ninaogopa kuchekwa.

Leo Bi Mwanasha, aliyenifundisha kufuma, ameingia ofisini kuomba mchango wa uzi. Akakunjua blanketi juu ya meza ya bosi.

Bosi akagusa kipande kimoja kilichopinda.

"Na hiki cha kijani kimefumwa na nani, mbuzi?"

Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka, tena kuwashinda wote.

Bi Mwanasha akanitazama. Kisha akasema taratibu, "Hicho ni changu, bwana. Macho yamechoka."

Bosi akamwomba radhi. Mimi nikainamia karatasi zangu.

Alipotoka nilimfuata hadi mlangoni. Nilitaka kuomba msamaha, lakini kilichonitoka ni "Shikamoo, Bibi" tu.

"Marahaba, mwanangu. Jumamosi usichelewe."

Afadhali angenigombeza.

Bosi, najua huwa unasoma ukurasa wangu huu. Kile cha kijani nilikifuma mimi. Macho ya Bi Mwanasha hayana ila yoyote.