Waya Ulioketishwa kwa Bi. Mwanaisha

Nilitoka Kitui kwa sababu ya kompyuta zilizokuwa bado ndani ya maboksi. Shule moja ya msingi ya Mji wa Kale, Mombasa, ilikuwa imezipata kwa wafadhili kwa sharti moja: mkaguzi wao atakapofika Jumatano, aikute intaneti imeshafika darasani. Akikuta vinginevyo, maboksi yatapakiwa na kupelekwa shule nyingine. Kazi yangu ni kupanga mitandao ya shule, na nilipopigiwa simu nilijibu kwamba hilo ni jambo dogo. Ndugu zangu wa Kitui mnanijua, mdomo wangu hutangulia miguu.

Kibwezi nilipanda treni na sanduku la vifaa na bunda la waya lililochukua kiti kizima. Mama aliyeketi mbele yangu aliuliza kama nauza kamba za kuanikia nguo. Nilimweleza maana ya mtandao kutoka Mtito Andei hadi Mariakani, naye alisikiliza kwa makini sana. Tulipokaribia kushuka aliniuliza mita moja ni bei gani.

Miritini nilikodi tuktuk. Tulipita Makupa, tukapita Majengo, na dereva akanishusha kwenye mdomo wa kichochoro ambacho mimi na bunda langu hatungeweza kukipita sambamba. Mlangoni mwa shule alinisubiri Mwalimu Rukia, mwalimu mkuu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kunyoosha foleni. Aliuliza hali yangu, ya wazazi, ya watoto, ya mifugo na ya mvua ya Kitui, mpaka nikaanza kuwakumbuka jamaa niliokuwa nimewasahau. Kisha akanipeleka darasani. Watoto walikuwa wakijifunza kupiga chapa juu ya vipande vya karatasi ngumu vilivyochorwa herufi. Msichana mmoja alikosea, akachukua kifutio akafuta.

"Hawa wa mbele washaanza kuandika barua," alisema Mwalimu Rukia, bila kucheka. Mimi nilicheka, halafu nikaona haya.

Jumamosi nilipima. Kampuni ya intaneti ilikuwa imeishia kwenye duka la vitambaa, barabarani nyuma ya shule, na haikuwa na nia ya kusogea zaidi. Kati ya duka na shule palikuwa na nyumba moja tu, ya Bwana Shee. Kuta za mji huu ni za matumbawe, nene kiasi kwamba mtu anaweza kulala dirishani, na mawimbi ya redio hayazipenyi. Ilibidi waya upite ndani ya nyumba ile. Nilichora mstari mmoja ulionyooka, nikajipongeza.

Bwana Shee alikuwa mstaafu, wakala wa forodha wa Kilindini zamani, nadhifu kuanzia kofia hadi makubadhi. Alinipa kahawa na halua, akasikiliza mpaka mwisho. "Hapana tabu, mwanangu," alisema. "Karibu wakati wowote."

Alasiri nilirudi na ngazi nikakuta mlango umefungwa. Jumapili asubuhi nikaambiwa amekwenda Malindi. Adhuhuri nilimkuta ameketi barazani kwake, akaniinukia kwa heshima zote, akauliza kama mvua ya Kitui imeongezeka tangu jana. Nikamwomba basi nianze kutoboa. Hapana tabu, alisema, ila palepale alikumbuka ana mgonjwa wa kumjulia hali.

Aliyenifumbua macho ni Bi. Mwanaisha, bibi wa mtaa uleule, aliyenihurumia akaniletea mahamri.

"Kakwambia hapana tabu? Basi pana tabu kubwa," alisema. "Angekuwa akubali, angebishana nawe ukubwa wa tundu."

Akanisimulia. Mwalimu Rukia alipomwoza binti yake, mitihani ilikuwa imemkaba, akawaalika majirani wote kwa ujumbe wa simu. Mjini hapa mwaliko hauji kwa simu. Mtu hutumwa, akapiga hodi kila mlango, akaketi, akasema. Wengine walinuna wakasamehe. Lakini Bi. Khadija, mamake Shee, simu hajui hata kuishika. Alijua harusi iko, akavaa, akakaa akingoja kugongewa. Hakuna aliyemgongea. Siku ile alizisikia nyimbo za kwa Rukia upande wa pili wa ukuta, na tangu hapo mwanawe hasemi na Rukia.

Basi mstari wangu ulionyooka ukafa. Nilichora mwingine uliozunguka mtaa kupitia nyumba sita, zote za watu wanaosemezana na mwalimu mkuu. Jumatatu na Jumanne tulivuta waya. Nyumba ya kwanza walikataa upite jikoni, wakasema mgeni hupitishwa ukumbini. Nyumba ya tatu waliuliza kama mtandao unaona. Nikawaapia hauoni. Wakautundikia pazia hata hivyo. Nyumba ya tano walitaka kujua kwa nini waya ni wa buluu, nikasema ndiyo rangi ya kazi.

Bi. Mwanaisha alikuwa wa nne. Alituzuia mlangoni.

"Yuwapita tu?" aliuliza, akiunyooshea waya kidole. "Kwangu si stesheni. Aingie, akae."

Kusema kweli ombi lake lilinifaa. Waya wa namna ile ukizidi mita mia, mawasiliano hufifia, na mzunguko wangu ulikuwa umezidi mbali. Palihitajika swichi katikati, kisanduku cha taa ndogondogo kinachokula umeme na kuyatia mawasiliano nguvu upya. Bi. Mwanaisha alikitolea kiti, akakiwekea mto, akakifukiza udi. Nimefunga swichi nyingi maishani, na hiyo ndiyo pekee iliyowahi kunukia.

Jumanne jioni taa ya kijani iliwaka shuleni. Watoto walipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama.

Jumatano asubuhi taa ilikuwa imezimika, na mkaguzi, Bwana Ochieng, alikuwa langoni na tai yake. Nikamwachia chai, nikaufuata waya nyumba kwa nyumba, kila mahali nikisimamishwa kusalimiwa. Kwa Bi. Mwanaisha nilikuta redio imefunikwa, televisheni imefunikwa, na swichi yangu imechomolewa na kufunikwa kanga.

"Bi. Khadija katutoka alfajiri," alisema taratibu. "Na kidude chako chakonyeza kama kiko harusini. Nimekizima hadi hitma ipite, siku ya tatu."

"Mama, kompyuta zitachukuliwa leo!"

"Nazo zikibaki, mimi nitawatazama vipi majirani zangu?"

Nilirudi shuleni nikiwa na hasira zangu zote, nikamweleza Mwalimu Rukia. Kompyuta hakuziuliza. Aliketi juu ya dawati la mtoto, akalia waziwazi.

"Amekwenda sijamgongea mlango," alisema. Kisha akajifuta uso, akavaa buibui. "Twende."

"Na mkaguzi?"

"Si ana miguu?"

Hivyo ndivyo Bwana Ochieng, aliyekuja kukagua taa, alivyojikuta mazikoni. Alisimama kando ya kichochoro kwa adabu, lakini kichochoro hakina kando. Jeneza lilipopita, kila mwanamume akiwania kulibeba hatua chache, wimbi la watu lilimsomba, mti wa jeneza ukamfika begani, akapokezwa na kupokea mara kadhaa, akaonekana tena makaburini kiatu kimoja hana. Wenyewe walimshukuru sana. Mzee mmoja alimkalisha mkekani, akamwambia mtu aliyebeba haondoki kabla ya hitma. Alipofungua mdomo kueleza kuhusu ratiba yake, alipewa sahani ya wali.

Alhamisi mkuu wake alipiga simu. Nilikuwa kwenye kizingiti cha nyumba ya msiba, nilisikia. Bwana Ochieng aliinama, akafunika kinywa kwa kiganja.

"Siwezi kuongea sasa, mkuu," alinong'ona. "Tumefiwa."

Ijumaa, hitma iliposomwa na watu kutawanyika, Bwana Shee alitoka akasimama mbele ya Mwalimu Rukia. Mtaa mzima ulijifanya kutazama kwingine.

"Waya wako wazunguka kwa watu sita kunikimbia mimi," alisema, akiuonyesha mlango wake. "Ndia si hii hapa?"

"Nilikuwa na haya, Bwana Shee."

"Basi ulete. Lakini uje nao mwenyewe. Usinitumie fundi."

Alasiri Mwalimu Rukia alipita kichochoroni na bunda la waya begani, mimi nyuma yake nimebeba ngazi, nimenyamaza kwa mara ya kwanza tangu Kibwezi. Mlangoni alisimama. Akapiga hodi. Akapiga tena. Ya tatu ndiyo mkewe Shee alipoitikia karibu, akamfungulia, wakashikana wakalia, na waya ukaanguka chini ukajisokota kati ya miguu yao. Nilingoja. Kisha Bwana Shee alibishana nami ukubwa wa tundu mpaka magharibi.

Nilipokwenda kuichukua swichi, Bi. Mwanaisha alikuwa amekwisha kuiwasha na kuikalia ulinzi. "Mgeni wangu hamumtoi," alisema. Nyumba nyingine tano zikasema vivyo hivyo. Ndiyo maana shule ile leo ina njia mbili za intaneti, moja ikikatika nyingine inashika. Bwana Ochieng aliona kijani pande zote mbili, akakata kamba za maboksi kwa mkono wake, kisha akakubali kuazimwa makubadhi ya kusafiria.

Jumapili nilirudi Kitui. Sasa nimepewa shule tatu za huku kwetu, na ya kwanza nilikwenda wiki iliyopita. Futi ya kupimia niliiacha mkobani. Nilipiga hodi kwenye boma lililo jirani na shule, nikapewa kigoda, nikaketi. Mwenye boma aliuliza mimi ni nani na nimekuja kufanya nini. Nikamwambia nimekuja kumjulia hali, nikakaa mpaka akanisadiki.