Balozi Aliyegoma Kula

Enzi zetu kule Mishamo hakuna mtoto aliyebembelezwa kula. Abembelezwe na nani? Ukizubaa kidogo mboga imekwisha, unabaki kulamba vidole. Kwa hiyo siku kambare wetu alipogoma kula, mimi na kaka yangu Zakaria tulichanganyikiwa kabisa.

Zakaria alimkamata kwenye majaruba ya mpunga, akaja naye mbio ndani ya kofia. Tukamwita Balozi, maana sharubu zake zilikuwa ndefu kuliko za balozi wetu wa nyumba kumi. Tukamweka kwenye beseni la Mama katikati ya uwanja, jua linamchoma na watoto wa majirani wamemzunguka, kila mmoja na kipande chake cha ugali. "Kula, Balozi! Kula!" Balozi kimya. Siku ya tatu tukammwagia uji wenye sukari, tena sukari ya kuiba, jamani! Akatugeuzia mkia.

Baba alipita, akachungulia, akatoa hukumu: "Jumamosi asipokula, tunamla sisi. Samaki hakondi bure hapa kwangu." Nililia sana. Nilikuwa nimeshampenda yule kambare, hata harufu yake.

Aliyetuokoa ni Bibi, mama yake Baba. Alikuwa anachambua maharage barazani, kelele zetu zimemchosha. "Nyie watoto hamna adabu," akasema. "Mume wa shangazi yenu akija hapa, anakula mbele yangu?" Tukajibu kwamba hali. Kwetu ndivyo ilivyokuwa: mkwe alitengewa chakula chumbani, mlango ukarudishwa, na mama mkwe hakuthubutu hata kupita karibu. "Basi na huyo ni mgeni. Mmemwanika juani, mmemjazia uji, halafu mnamkodolea macho. Hata mimi nisingekula!"

Akatuamuru tumwage maji yale yaliyochacha, tulete mapya ya kisimani, tusogeze beseni nyuma ya nyumba kwenye kivuli na kulifunika nusu kwa jani la mgomba. Tukamwachia Balozi minyoo minne, nasi tukafukuzwa. Kukaa bila kuchungulia kulituuma kuliko viboko vya mwalimu wa hesabu. Ijumaa jioni Bibi akafunua jani. Minyoo haipo, na Balozi anatafuta mingine! Tulirukaruka pale mpaka vumbi likatimka, na Bibi akaturudisha kwenye kuchota maji.

Tatizo ni kwamba alinenepa. Baba akaanza kuuliza kama nyanya zipo. Mvua za kwanza zilipojaza mto, tulimbeba Balozi tukamwachia huko, kisha tukamwambia Baba kwamba ameliwa na paka. "Paka huyo ana bahati," akasema, yakaishia hapo.

Siku hizi naishi Makanyagio, na Baba, ambaye sasa ni mzee, yuko kwangu. Mwezi uliopita alianza kurudisha sahani ikiwa imejaa. Niliogopa, nisiseme uongo. Wanangu, ambao wenyewe hawali chipsi bila kuzipiga picha kwanza, wakamzunguka na simu zao: "Babu, kula kidogo, tunakurekodi!" Nami nipo mbele yao na kijiko, nambembeleza. Ghafla nikalikumbuka lile beseni.

Nikawatimua wote. Nikamwekea Baba kiti nyuma ya nyumba, kivulini, na ugali wa muhogo, maharage na maji ya kunawa. Nikarudisha mlango, nikakaa jikoni nikijizuia nisichungulie, kama zamani. Nikawaza kwamba Bibi hakuwa na simu wala hakusoma kitabu, lakini alijua kumpenda mtu na kumwachia nafasi. Sisi wa leo tunapenda kwa kelele.

Baada ya muda akaniita. Sahani ilikuwa tupu. Niliinama kuichukua, machozi yananilenga, naye akajifuta mdomo taratibu.

"Nimeshiba, mwanangu," akasema. "Ila nikinenepa, msije mkanipeleka mtoni."