Kidimu wa Mama Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Dobi, na hata mkewe, akishakasirika, alimwita hivyohivyo. Alikuwa mrefu, mwembamba, vidole vimekunjamana kwa maji ya miaka mingi, na uani kwake hapakuwa na siku isiyo na mashuka. Kamba ya mbele ilibeba mashuka ya nyumba ya wageni, kamba ya pili sare za wauguzi, na kule nyuma, karibu na banda la kuku, zilianikwa nguo ambazo wenyewe hawakupenda zionekane.

Kazi ile ilikuwa imempa pua. Ukimletea shati ndani ya mfuko uliofungwa, anakwambia limetoka nyumba gani. "Kila nyumba ina harufu yake," alipenda kumwambia mkewe. "Watu wanadhani wanagombania maneno, mama watoto. Wanagombania harufu. Lakini mimi nikishawafua kwenye karai moja, wote wanakuwa ukoo mmoja."

"Basi nifue na mimi nitoke huu moshi," mkewe humjibu. Alikuwa mpishi wa shule, akirudi jioni ananuka kuni tangu kilemba mpaka kisigino.

Siku hizo utani wao ulikuwa umepungua. Mama yake mke alianguka mlangoni kwa jiko lake, akaumia nyonga, na nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa mji. Kila jioni mke alitoka shule akapitia kwa mama, akapika, akafua, akamgeuza, ndipo arudi kwake miguu imevimba, chakula anakila amesimama. Hakutaka kitu kingine duniani ila mama ahamie kwao. Chumba kilikwisha kupakwa chokaa. Kitanda kilikwisha kutandikwa. Bibi kizee akawa anakataa tu.

Mwishowe akatoa sharti. "Tangulizeni kuku wangu," alisema. "Wakikaa kwenu, nami nitakaa. Wakikataliwa, msinisumbue tena. Jumapili mniletee habari."

Sasa, kati ya Dobi na mama mkwe palikuwa na jambo. Siku ya posa, zamani hizo, aliulizwa anafanya kazi gani, akataja. Mama akamtazama juu mpaka chini akasema, "Kwa hiyo mwanangu atapendeza kwa nguo za watu?" Wageni wakacheka. Dobi naye akacheka, maana angefanyaje? Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Tangu hapo alimheshimu mkwe wake kwa heshima zote, anachuchumaa, anaamkia, anatazama chini, halafu anaaga mapema. Kila mtu alilijua hilo, na mkewe alilijua kuwashinda wote.

Kuku wakaja ndani ya tenga: wawili wekundu, mmoja mweupe, na kidimu. Kwa asiyemjua kidimu, ni kuku ambaye manyoya yake yamejikunja kurudi nyuma, utadhani amepita kwenye upepo wa kisulisuli akasahau kujichana. Huyo ndiye aliyekuwa kipenzi cha bibi. Alikuwa akilala chini ya kiti chake na kula mkononi mwake.

Dobi aliwaingiza bandani wakati jua linazama, ili waamke pamoja na wenyeji na kudhani wamekuwa pamoja siku zote. Ndivyo wafanyavyo wafugaji wengi. Asubuhi aliamshwa na kelele. Tetea wake mweusi, aliyemwita Mnyapara, alikuwa amemkanyaga mwekundu mmoja anamdonoa kichwa, damu inatoka. Kidimu alikuwa amejibana pembeni, uso ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Akaweka wavu katikati ya banda waonane bila kugusana. Alipouondoa, vita vikaanza upya. Akaongeza kopo la pili la chakula, Mnyapara akayamiliki yote mawili.

"Wamekaa?" mkewe aliuliza kila jioni, kabla hata ya kuvua viatu.

"Wanazoeana."

"Mama ameniuliza leo tena. Nimemwambia wanazoeana. Usinifanye mwongo kwa mama yangu."

Fundi viatu, jirani yao, ambaye kazi yake ilimruhusu kukaa siku nzima akitazama uani kwa wenzake, hakunyamaza. "Dobi! Hao kuku wako wana akili! Mama mkwe hajafika, wao wameshajipanga kumpokea!"

"Shona viatu, bwana."

"Nashona. Lakini watu watasema umewafundisha wewe."

Dobi hakucheka. Alirudi kwenye karai akasugua shuka moja mpaka likataka kutoboka. Maana alijiuliza, wenzangu, na swali lenyewe lilikuwa baya: ile asubuhi alipomwona Mnyapara akimdonoa kuku wa mama mkwe, kabla hajakimbia kuwaachanisha, hakufurahi hata kidogo? Hata chembe? Akatafuta jibu moyoni, akaona afadhali asitafute sana.

Jumamosi, siku moja kabla ya kupeleka habari, mkewe alikwenda kwa mama tangu asubuhi. Jua lilikuwa kali. Dobi alimshika yule mwekundu aliyedonolewa amtazame kidonda, na alipomkaribisha usoni, pua yake ikamwambia kitu. Mafuta ya taa. Kafuri. Moshi wa jiko la bibi. Akamweka chini, akamkamata Mnyapara, akamnusa: sabuni na wanga, uani kwake kabisa.

"Ahaa!" alisema peke yake. Na alifurahi kweli, furaha ya mtu aliyeona mlango katika ukuta.

Akachemsha maji akayapooza yakawa vuguvugu, akakwangua sabuni karaini, akaanza kufua kuku. Wote, wa kwake na wa mkwe, mmoja baada ya mwingine, ili pasiwe na mgeni wala mwenyeji. Kuku ukimwosha kwa upole hutulia, anafumba macho kama mteja wa kinyozi. Akawasuuza kwenye beseni, na kwa mazoea ya mkono tu akatia buluu ya nguo nyeupe, hivyo yule mweupe akatoka na rangi ya asubuhi ya mawingu.

"Na pasi utawapiga?" fundi viatu aliuliza, sindano imemsimama mkononi.

"Wewe subiri uone."

Akawaanika juani. Walijikung'uta, wakajichambua manyoya, wakaanza kukauka. Lakini haukupita muda mrefu, wingu likafunika jua na upepo ukavuma uani mpaka mashuka yakapigana makofi. Wale wengine manyoya yao yalikwisha kujifunga mwilini. Ya kidimu hayajui kujifunga. Upepo ulimpita mpaka kwenye ngozi, akasimama pale amelowa, anatetemeka, mdomo wazi. Dobi alimnyakua, akamzungushia shuka la nyumba ya wageni, akamweka karibu na pasi ya mkaa na kumsugua kama mtoto aliyetoka kisimani.

Jioni mkewe alirudi. "Njoo uone!" Dobi akamvuta mkono. "Njoo, njoo!" Wakainama mlangoni mwa banda. Wekundu wawili walikuwa wamepanda kwenye mti wa kulalia, mweupe katikati, na Mnyapara alipofika aliwatazama kwa jicho moja, akawageuzia la pili, kisha akasogea akakaa ubavuni mwao. Hakuna aliyedonoa.

Mkewe akashika kifua. Uso wake ulifunguka, na Dobi akakumbuka ilikuwa zamani gani tangu auone hivyo. "Wamekaa," mke alisema taratibu. "Wamekaa, baba watoto. Mama atakuja." Halafu akahesabu kwa macho. "Kidimu yuko wapi?"

"Yuko ndani, anaota joto la pasi," Dobi alisema.

Asubuhi kidimu alikuwa amekufa ndani ya shuka. Mkewe alisimama juu yake, hakulia. Dobi alieleza yote: pua, sabuni, jua, upepo.

"Umemwosha kidimu," mke alisema.

"Niliwaosha wote. Hata wetu."

"Kidimu hastahimili kulowa. Manyoya yale hayamfichi baridi. Hata mtoto analijua hilo."

"Mimi sikulijua."

"Hukulijua, au hukutaka kulijua?"

Dobi aliinama, akamfunika kidimu kwa shuka lile. Angekuwa na jibu safi angelitoa. "Nitamwambia mama mwenyewe," alisema mwishowe.

Walikwenda pamoja. Bibi alikuwa barazani kwenye kiti chake, fimbo mapajani, na chini ya kiti pakiwa patupu. Dobi alichuchumaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe. Kuku wangu wamekaa?"

Akamweleza. Hakupunguza neno, hakupamba. Alipofika kwenye sabuni, bibi alimkatiza. "Umewafua?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa sabuni? Na buluu juu yake?"

"Mkono ulizoea, mama."

Bibi akacheka. Alicheka mpaka akashika nyonga, machozi yakamtoka, na mkewe Dobi naye akaanza kutabasamu huku akimwangalia mama kwa tumaini. Halafu Dobi akamaliza habari ya kidimu, na kicheko kikazimika. Bibi akapapasa fimbo.

"Nakuamini," alisema. "Hukumuua kwa chuki. Mtu mwenye chuki hajisumbui kuchemsha maji."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Niletee kuku wangu waliobaki."

"Lakini mama," bintiye akaruka, "si wamekaa! Jana nimewaona kwa macho yangu, wamelala pamoja!"

"Wamekaa baada ya kutolewa harufu yangu, mwanangu. Wangekataliwa tu, ningesema kuku ni kuku. Lakini wamepokelewa walipoacha kunuka kwangu. Sasa mimi nikija na kafuri yangu na mafuta yangu ya taa, na maneno yangu ambayo mkwe wangu hajayasahau mpaka leo, nitafuliwa kwenye karai gani ndipo nikae?"

Dobi alitaka kusema, "Nimeyasahau, mama." Ulimi ukakataa.

"Kama mama haji," mkewe alisema, akitazama sakafu, "mimi siwezi tena kwenda na kurudi. Nitabaki hapa. Ukileta kuku, niletee na nguo zangu."

Alasiri ile Dobi aliwakamata kuku wa mkwe wake mmoja mmoja. Walikuwa wanakula kwenye kopo moja na wenzao. Walipiga kelele, na Mnyapara, yule mkorofi, alitoka bandani akalizunguka tenga akiwaita. Fundi viatu alichungulia, akaona mzigo wa nguo za kike juu ya tenga, na mara hii akainamia kiatu chake.

Alipofika aliwafungulia uani kwa bibi. Hawakuingia kwenye banda lao la zamani. Walisimama mlangoni, wakanyoosha shingo huku na huku, na yule mweupe akaanza kurudi upande wa njia. Mkewe akamrudisha kwa upindo wa kanga, akawasukuma wote ndani, akafunga mlango kwa kijiti.

"Watazoea," bibi alisema kutoka kwenye kiti.

Mkewe alipokea mzigo wa nguo. Akautazama, akamtazama Dobi. "Nenda," alisema, "giza linaingia."

Dobi alingoja kidogo, labda neno lingine lingefuata. Kisha akabeba tenga tupu akaenda.