Mwalimu Akishika Tai

Kabla sijahamia Iringa, nilipiga tarumbeta kwa miaka mitatu katika ukumbi wa mji pale Mbeya. Siku za kazi nilikuwa fundi cherehani huko Ilomba. Jumamosi jioni nilikuwa mmoja wa wanne waliokaa nyuma ya kiti cha mgeni: gitaa, kodiani, ngoma na mimi.

Watu hawakuja kucheza, walikuja kusikiliza maongezi. Mwendeshaji alikuwa mwalimu mstaafu, mcheshi sana. Kila wiki alimkalisha mtu mmoja jukwaani na kumhoji: mkunga, dereva wa lori, mpishi wa Wazungu. Kazi yetu ilikuwa kumwingiza mgeni kwa wimbo, kumtoa kwa wimbo, na kumwokoa katikati. Akikwama, tulipiga taratibu mpaka apate neno. Akichekesha, ngoma ilimjibu. Niliipenda kazi ile. Watu walidhani tunapiga tu, kumbe ukumbi mzima hakuna aliyesikiliza kama sisi.

Mwaka mmoja, baridi ilipoanza, karani wa boma akawa anakaa mstari wa mbele na daftari magotini. Hakucheka wala kupiga makofi. Jumamosi ya pili Mwalimu alituita kando.

"Jamani, nikishika tai yangu, pigeni. Hata kama mgeni hajamaliza."

"Tumkatize, Mwalimu?" mpiga kodiani akauliza.

"Pigeni kwa nguvu. Ruhusa ya ukumbi huu anatoa Bwana Shauri kule boma, sitoi mimi."

Juma lililofuata hakuishika. La pili yake pia hakuishika. Lakini mimi sikuweza tena kumsikiliza mgeni vizuri. Macho yangu yalikuwa kwenye vidole vya Mwalimu.

Kisha akaja mtu wa Chunya. Mgeni tuliyemtarajia alikuwa anaumwa, na Mwalimu alimkuta huyu amesimama mlangoni, akaambiwa ni mchimbaji wa dhahabu, akadhani atakuwa na visa. Tulimwingiza kwa wimbo wa furaha. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, udongo umemganda kwenye kucha.

"Haya, ndugu yetu," Mwalimu alianza, "hebu tuambie, dhahabu inanukaje?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nimetoka boma," alisema. "Wameniambia nirudi Jumatatu. Siwezi kungoja Jumatatu. Shimo letu limeporomoka juzi, watu watatu wamo ndani, na mwenye mgodi anasema wameshakufa, ameamuru mdomo ufukiwe..."

Mwalimu akashika tai.

Tukapiga. Yule mtu aligeuka kututazama, akafikiri tumekosea. Akaongeza sauti, na sisi tukaongeza. Midomo yake ilikuwa inakwenda na hakuna aliyesikia kitu. Huko nyuma watu walianza kupiga makofi kufuata ngoma. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote, na nilipoitoa tarumbeta mdomoni ili nivute pumzi, neno moja likanifikia.

"Jana jioni walikuwa bado wanagonga!"

Nikavuta pumzi. Nikairudisha tarumbeta mdomoni.

Alipotoka kwa mlango wa pembeni, askari wawili walikuwa wanamsubiri. Niliwaona. Kesho yake nilikwenda kanisani kama kawaida, nikapiga tarumbeta.

Jumatano, mwanamke mmoja aliyejifunga khanga mbili alikuja barazani kwangu.

"Kaka, mume wangu yuko kwenye lile shimo. Nimesikia rafiki yake alisema kule ukumbini. Alisema nini?"

"Muziki ulikuwa mkubwa, dada."

"Lakini mpigaji ni wewe."

Nilisimamisha cherehani, nikamwambia lile neno kama nilivyolisikia, pamoja na siku yake. Alihesabu kwa vidole. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Alipofika Jumatano alikaa chini. Baadaye aliinuka, akasema, "Ndaga," kama watu wa kwao wanavyoshukuru, akaenda zake. Shukrani ile iliniumiza kuliko kama angenipiga.

Ndugu zake walifukua usiku na mchana bila kuomba ruhusa ya mtu. Watu waliotoka huko walisimulia kwamba hao watatu hawakukutwa kule walikokuwa wanachimba. Walikutwa wamekufa, wamekaa pamoja chini kidogo tu ya mdomo wa shimo.

Wiki hiyo hiyo karani wa boma alikuja Ilomba na suruali, akitaka niikate. Niliipima mbele yake, urefu ulikuwa sawasawa.

"Hivi, fundi," aliuliza, "ukiwa unapiga, maneno ya watu unayasikia?"

"Siyasikii, bwana."

"Vizuri." Akaiacha suruali mezani, akaondoka.

Sikuikata. Alfajiri nilipanda lori la mizigo na cherehani yangu. Tulipolala Nyololo kwa sababu ya ukungu, kila gari lililosimama nyuma yetu nilidhani limenifuata mimi. Iringa nilianza upya kwa kushona, na mwanzoni sikumwambia mtu kwamba najua kupiga chochote.

Yule mchimbaji sikumwona tena. Kwa miaka mingi niliwauliza watu wa Chunya waliopita Iringa. Wengine walimkumbuka vizuri, hata kijiji chake walikijua. Alikopelekwa na wale askari, hakuna aliyejua.